Mmoja alikataa vita akakatwa kichwa, mwingine aliamuru vita akashinda. Kanisa linawaheshimu wote wawili. Hili limekaaje?

Kidagaa_Mwaloni (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Mada hii nimeifuga muda mrefu, leo naimwaga. Ni ndefu, mwenye haraka aruke ashuke kwenye komenti.

Oktoba 26, 2007 Kanisa Katoliki lilimtangaza Franz Jägerstätter kuwa Mwenye Heri, ngazi moja kabla ya mtakatifu. Alikuwa mkulima wa kijiji cha St. Radegund, Austria, ana mke na watoto wadogo wa kike. Jeshi la Hitler lilipomwita mwaka 1943 alikwenda kambini, akawaambia usoni kwamba hapigani vita ile. Akajitolea kuhudumia majeruhi, wakakataa. Agosti 9 mwaka huohuo wakamkata kichwa. Linaloniumiza zaidi ni hili: kabla ya kuitwa alikwenda kumwona askofu wa Linz kuomba ushauri, na askofu akamwambia afikirie familia yake, mambo ya kupima vita ni haki au si haki ayaache kwa wakubwa. Yaani dini yake mwenyewe ilimwambia nenda.

Sasa tuje Butiama. Mchakato wa kumtangaza Mwalimu Nyerere kuwa mtakatifu ulianzia Jimbo la Musoma na leo anaitwa Mtumishi wa Mungu, ngazi ya kwanza. Huyu ndiye Amiri Jeshi Mkuu aliyepeleka jeshi kutoka Mto Kagera hadi Kampala.

Sitaki mtu anijibu "kila zama na kitabu chake". Hao wawili walisali sala zilezile na kusoma Injili ileile yenye kugeuza shavu la pili. Haiwezekani tukawasifu wote bila kueleza kwa nini.

Mtazamo wangu ni huu. Mnakumbuka hotuba ya Novemba 2, 1978 kwa wazee wa Dar es Salaam: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Tunaiimba kama kibwagizo cha mpira. Lakini Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliweka masharti matatu ya vita ya haki: itangazwe na mamlaka halali, iwe na sababu ya haki, na nia iwe njema. Waliomfuata wakaongeza mengine: pawe na matumaini ya kushinda, njia nyingine ziwe zimejaribiwa, na madhara yasizidi kile unachokiokoa. Ukiisoma hotuba ukiwa na orodha hiyo mkononi unaona kabisa Mwalimu anazipita zile hoja moja moja. Sisemi alikuwa amefungua kitabu. Nasema mtu aliyeishi na mafundisho hayo maisha yake yote, akibanwa, ndivyo atakavyozungumza.

Na sababu ilikuwepo. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, rais wa Uganda, yalivuka, Novemba 1 redio yake ikatangaza kwamba ardhi yote kaskazini ya Mto Kagera sasa ni Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ikaomba pande zote mbili zitulie, kana kwamba aliyevamiwa na aliyevamia ni sare. Mpaka hapo sina shida.

Shida yangu inaanzia Mutukula. Januari 1979 jeshi letu liliutwaa mji ule wa mpakani, kisha ukasawazishwa kwa matingatinga kulipiza Kyaka, na wapo raia waliouawa. Mwalimu alipopata habari alichukizwa, akaamuru raia na mali zao waheshimiwe huko mbele. Masaka mwezi uliofuata napo palibomoka vibaya.

Kwa hiyo hoja yangu: Kagera ilikuwa vita ya haki, na haki hiyo haikumsaidia chochote mkazi wa Mutukula. Masharti ya akina Akwino tunayatumia mlangoni, tukishaingia ndani tunayasahau. Ndiyo maana naona tunawahitaji hawa wanaokataa vita vyote, hata mimi nisiyekubaliana nao, kwa sababu wao hawaachi kuuliza risasi zikishaanza. Karibuni, ila matusi hapana.

FundiRejeta

Nimeweka kambi. Chai na karanga tayari.

Ibn Pangani

Assalaam alaykum wote. Mleta mada umeandika kama vile kupima vita ni mali ya Wakatoliki, lakini nakusamehe maana umetaja Mutukula, watu wengi hawaitaji.

Upande wetu mambo yamewekwa wazi mapema. Mtume (s.a.w.) alikaa Makka miaka 13 akiteswa yeye na watu wake, na ruhusa ya kupigana haikuwepo. Ilipokuja, ile aya ya Suratul Hajj, 22:39, ilikuja kwa "wanaopigwa vita kwa kuwa wamedhulumiwa". Aya inayofuata inataja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti kwamba vingebomolewa kama Mungu asingewazuia watu kwa watu. Angalia mpangilio: msikiti umetajwa mwisho.

Kuhusu hilo la mlangoni na ndani, Abubakar Siddiq, khalifa wa kwanza, alipotuma jeshi Sham (Syria na jirani zake) alilitatua kwa kauli. Wosia wake umo kwenye Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik, mambo kumi: msiue mwanamke, wala mtoto, wala mzee aliyechoka. Msikate mti wenye matunda. Msibomoe mahali penye watu. Msichinje kondoo wala ngamia ila kwa kula. Na mtawakuta watu waliojitenga kwa ibada, waacheni na walichojitengea. Huyu ni kamanda anaagiza jeshi linaloondoka asubuhi ile, si mwanachuoni amekaa kwenye mkeka. Weka Mutukula mbele ya wosia huo, kisha weka na wale vijana waliovuka kutoka Msumbiji wakavamia Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020 wakichoma nyumba za wanakijiji huku wanapiga takbir. Wote wanaanguka, na hao wa pili wanaanguka vibaya zaidi maana wamelitumia jina.

Halafu kuna Waislamu waliokataa silaha kabisa, hili wengi hawalijui. Sheikh Amadou Bamba wa Senegal, Wafaransa walimpeleka uhamishoni Gabon 1895 hadi 1902 wakidhani ataanzisha jihadi ya upanga. Hakuinua hata panga la kukatia majani. Jihadi yake ilikuwa nafsi, elimu na kazi, na leo mji wake wa Touba unajaa watu kila mwaka kwa ajili yake. Na Abdul Ghaffar Khan kule Peshawar, Mpashtuni, watu wanaojulikana kwa bunduki na visasi, akaunda jeshi la watu wasio na silaha mwaka 1929, wanakula kiapo cha kutolipiza. Aprili 1930 Waingereza wakawamiminia risasi sokoni Qissa Khwani. Waliosimama mbele walianguka, wa nyuma wakasogea mbele.

Mimi mwenyewe siko upande wa Bamba. Naona aya ya ruhusa ni ruhusa kweli. Ila sitamwita mwoga.

MjukuuWaKyaka

Nimesoma yote kwa utulivu, sasa naomba mnivumilie kidogo.

Nimezaliwa baada ya vita lakini nimelelewa ndani yake. Bibi yangu mzaa mama alikimbia usiku na watoto, mmoja mgongoni. Kabla ya kuondoka alichimba kwenye migomba akazika sufuria kubwa la kupikia matoke, akaliwekea vigaga vya migomba juu. Waliporudi hakuna bati, hakuna mlango, hakuna ng'ombe hata wa dawa. Askari wa Amin walikuwa wamevuka nao, pamoja na watu ambao hawakuonekana tena. Sufuria ndilo pekee lililobaki katika mali ya nyumba ile.

Hivyo mtu akianza kuniambia "kugeuza shavu" nauliza: shavu la nani? Ni rahisi sana kugeuza la bibi yangu ukiwa Mwanza au Musoma. Nawauliza wapinga vita moja tu: Novemba 1978 mngefanya nini? Msinipe Austria wala Senegal, nipeni Kyaka.

Bwana Kiherehere

Umeuliza swali lililomaliza uzi. Kazi kwenu watumishi.

RoryaKwetu

Nimeitwa bila kutajwa. Mimi ni Mmenonite, kanisa letu lilianzia Shirati mwaka 1934 na ni miongoni mwa makanisa machache Tanzania yaliyozaliwa na mafundisho ya kutobeba silaha. Nianze na la MjukuuWaKyaka: sina jibu la kumrudishia bibi yako ng'ombe. Anayekuambia analo anakudanganya.

Ila naomba uelewe mafundisho haya hayakufika kwa watu laini. Yalikuja Mara. Huku kwetu vijana wamekufa kwa mishale na mapanga ya koo na koo kwa ajili ya ng'ombe, na mpaka polisi ilibidi waitangaze Tarime na Rorya kanda maalumu. Mzee anayesimama kanisani kwetu akasema hapana kulipiza, huenda amemzika kaka yake wiki hiyo na anamjua muuaji kwa jina na kwa zizi. Kwa hiyo hilo la "rahisi ukiwa Musoma" nalikataa kwa upole.

Tena kukataa silaha hakukuanzia Ulaya. Mwaka 295, huko Tebessa, Algeria ya leo, kijana wa miaka 21 aitwaye Maximilian alipelekwa na baba yake kuandikishwa jeshi la Roma. Kumbukumbu za kesi yake zipo. Liwali anaagiza apimwe urefu, anapimwa. Anaagiza avalishwe muhuri wa risasi shingoni, kijana anasema ukinivalisha nitauvunja, mimi ni Mkristo. Liwali anamwambia, mbona kuna Wakristo kwenye ulinzi wa wafalme wenyewe? Akajibu kwamba hao wanajua linalowafaa, yeye hawezi kutenda ubaya. Akapewa hukumu ya upanga. Akiwa anakwenda kuuawa akamwomba baba yake ile nguo mpya aliyoshonewa ya jeshi ampe askari atakayemkata. Kwa miaka mia tatu ya kwanza watu wa namna hii walikuwepo kanisani, na walimu wa Kanisa kadhaa waliandika kukataa umwagaji damu.

Sasa Kyaka. Mnaanza filamu Oktoba 1978. Mimi naanza Januari 25, 1971. Amin alipopindua, Uingereza ilikuwa kati ya wa kwanza kumtambua, Israeli ikamfurahia, baadaye silaha zikatoka Urusi na Libya. Na sisi? Septemba 1972 wafuasi wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walivuka kutoka ardhi yetu, kwa idhini yetu, kwenda kumng'oa. Wakashindwa vibaya. Ndipo yakaja makubaliano ya Mogadishu, kila upande usogeze majeshi mbali na mpaka. Hilo la 1972 halipo kwenye kibwagizo cha uwezo, sababu na nia.

Mpinga vita hana muujiza wa Novemba 1978. Kazi yake ilikuwa kuanzia 1971, na hakuna aliyempa kiti.

MjukuuWaKyaka

Asante kwa kujibu kama mtu. La 1972 nakubali lilikuwepo. Lakini Obote kushindwa 1972 hakumpi Amin ruhusa ya kuchinja raia wa Kagera miaka sita baadaye. Na huyo Maximilian wako alikufa yeye. Hakuna mtoto aliyekuwa mgongoni mwake.

Kidagaa_Mwaloni

RoryaKwetu, umenipa Mwafrika wa Kaskazini, na mimi nakurudishia mwingine. Agustino alizaliwa mwaka 354, Algeria hiyohiyo, akawa askofu wa Hippo. Alimwandikia Boniface, kamanda wa jeshi la Roma Afrika, aliyekuwa anajiuliza kama askari anaweza kumpendeza Mungu. Agustino akamjibu kwamba inawezekana, ila amani iwe ndiyo unayoitaka na vita iwe ya kulazimika tu, na hata kwenye vita uwe mtu wa kuleta amani. Tena akasema wazi kwamba kuna wanaopigana kwa sala dhidi ya maadui wasioonekana, nanyi mnapigana kwa mikono dhidi ya wanaoonekana.

Swali la MjukuuWaKyaka ndilo lililombana Agustino. Aliona mtu anaweza kujinyima haki ya kujitetea mwenyewe, lakini jirani yake akivamiwa upendo haumruhusu kukaa kando. Ndiyo maana akina Jägerstätter na Mwalimu kwangu hawapingani. Mmoja aliitwa kwenda kuvamia nyumba ya mtu, mwingine alivamiwa. Jägerstätter hakusema kila vita ni dhambi, alisema ile.

Lakini natoa pendekezo kwa wanaohusika na mchakato wa Mwalimu, kama wanapita humu: ushahidi usiishie Butiama na Dar es Salaam. Vukeni mpaka, mkawasikilize na wazee wa Mutukula. Kama alichukizwa na akaamuru, hilo litamsaidia. Lakini muulizeni na aliyeangushiwa nyumba.

Ibn Pangani

Hapo nakuunga mkono. Mkifika huko pitieni na Ankole. Mwaka huohuo 1979, baada ya Amin kuanguka, Waislamu waliuawa kwa kisasi kwa kuwa tu dini yao ni ya Amin. Wakati huo vijana wa Kiislamu wa Tanga, Unguja na Kigoma walikuwa ndani ya jeshi lililomng'oa Amin. Kuna waliotaka ionekane Mkatoliki anapigana na Mwislamu, hasa Gaddafi wa Libya alipoleta askari wake kumsaidia Amin. Haikuwa hivyo na tuseme haikuwa hivyo.

MtuWaVihiga

Wadau, salamu kutoka Kenya. Mimi ni wa Kanisa la Friends, wale mnaowaita Quakers. Wamishonari wetu walifika Kaimosi mwaka 1902 na leo Kenya ndiyo nchi yenye Quakers wengi kuliko zote duniani. Ushuhuda wa amani tunaukariri tangu Sunday school.

Niwaambie ukweli: 2007 na 2008, baada ya uchaguzi, ushuhuda huo ulitupita kando. Kuna watu wetu walioshika mawe na mapanga kama wengine, na wako walioficha majirani wa kabila lingine chini ya kitanda. Wote Jumapili wanaimba kitabu kimoja. Baadaye kanisa likaanza kutuma vikundi kwenye kambi za wakimbizi na kwa vijana waliochoma nyumba, kukalisha watu chini. Kazi ngumu, haina kamera. Mtu anakuja kikao cha kwanza amenuna, cha pili anatukana, cha tatu ndio anataja aliyemuibia ng'ombe.

Sasa Kidagaa, ukisema mnatuhitaji wapinga vita ili tuulize maswali, nahisi mnatuweka kama refa wa kupuliza filimbi huku mechi inaendelea. Sisi tunataka mechi isichezwe.

Kidagaa_Mwaloni

Imenipata hiyo, mkuu. Lakini filimbi nayo si haba. Mutukula haikupulizwa na mtu mpaka ilipokwisha kusawazishwa.

Goma_Ndani

Bandugu, mimi niko Goma, Kiswahili changu ni cha huku, munivumilie. Munaongea vita ya zamani, sisi iko mulangoni. Januari 2025 muji ulianguka kwa waasi wa M23, tulikuwa tunalala chini ya kitanda na watoto.

Hapa kila mwenye bunduki iko na mutu wa kumuombea. Maaskofu Wakatoliki na Waprotestanti waliungana, wakaenda kuongea na pande zote, hata na M23. Kuna watu Kinshasa waliwaita wasaliti kwa sababu ya hiyo. Hapo ndio nilielewa kama kutafuta amani inaweza kukuletea maadui kuliko kupigana. Wazalendo, vile vikundi vya bunduki vya upande wa serikali, wanasema tunalinda nchi, na kweli wengine wanalinda, wengine wanatoza mama anayetoka shamba na kichwa cha mihogo.

Watanzania, vijana yenu walikufa huku. Desemba 2017 kule Semuliki, karibu na Beni, waliuawa kwenye kambi ya MONUSCO, jeshi la amani la UN, zaidi ya kumi siku moja. Walikuja kulinda watu ambao hawawajui. Mimi siwezi kusema walitenda dhambi. Lakini pia hawakumaliza vita.

MjukuuWaKyaka

Pole sana ndugu wa Goma. Wewe uko kule alikokuwa bibi yangu, kwa hiyo nakuuliza wewe kuliko hawa wote: unataka jeshi lingine lije, au hutaki?

Goma_Ndani

Kama umeniuliza Januari 2025 saa nane ya usiku, nataka likuje hata la shetani. Ukiniuliza leo mchana, nauliza kwanza nani atabaki na bunduki kisha wao kuenda.

RoryaKwetu

Hilo swali la mwisho ndilo tulilolikosa 1979. Kampala ilianguka Aprili, askari wetu wakabaki Uganda hadi 1981. Katikati hapo ukaja uchaguzi wa Desemba 1980, Obote akarudi, matokeo yakakataliwa, Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Halafu vita ya Luwero, kaskazini ya Kampala. Watu waliokufa Luwero ni wengi mno, na bunduki nyingi zilizowaua zilikuwa mikononi mwa watu walioingia Kampala wakiwa nyuma yetu. Kidagaa, kwenye ile orodha yako ya masharti, hili linakaa namba ngapi?

Kidagaa_Mwaloni

Kwa Akwino halipo. Waandishi wa siku hizi wameanza kudai liwepo: unayemwangusha mtu ujue unamwachia nani funguo. Kwa kipimo hicho Kagera inapata alama za juu mwanzoni na alama mbaya mwishoni. Ila sijui ni jeshi gani Afrika limewahi kufaulu mtihani huo.

MjukuuWaKyaka

Luwero msimbebeshe bibi yangu. Yeye alitaka avuke mto arudi kwenye migomba yake, na alivuka. Waliotaka kwenda Kampala ni wengine, waulizeni hao.

RoryaKwetu

Simbebeshi. Lakini umekaa upande wangu nusu hatua hapo, maana umekubali jeshi lingesimama mtoni.

MjukuuWaKyaka

Nusu hatua sawa. Ila Amin angebaki Mbarara na mizinga yake, na mvua zikiisha angerudi. Nijibu hilo kwanza ndipo unihesabu.